Msalaba Hufungwa Mwisho

Siku mliyoniaga kazini mlinipa keki, saa ya ukutani na maikrofoni. Keki tumekula, saa nimeitundika, maikrofoni ndiyo iliyonishinda. Nilisimama mbele yenu kama mtu aliyemeza ugali wa moto, nikasema ahsante, nikakaa. Tangu siku hiyo mnanipigia simu: Hajati, tuambie yale uliyotaka kusema. Haya, leo nimekaa mezani. Ila kwanza mjue kwamba Maka sijafika. Jina la Hajati mlinipa wenyewe kwa sababu ya mtandio wangu, nami sikulikataa, maana heshima ya bure nayo ni riziki. Naitwa Zainabu, Mnubi, mzaliwa wa Bombo, na kazi yangu ilikuwa majeneza.

Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo waulizeni wenye vyeo. Mimi nataka kusimulia yaliyonishtua. Watu hudhani kazi yetu inaua mshtuko, kwamba ukishazoea maiti hakuna tena cha kukutisha. Maiti kweli hawakunitisha. Mtu aliyelala hana maneno. Walionishtua ni walio hai, na zaidi ya wote ni Wakristo, ambao nimewazika maisha yangu yote nikidhani nawajua.

Nilifika Wandegeya, jijini, nikiwa fundi cherehani. Karakana ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka hospitali kubwa, imebanwa kati ya duka la kuchapia kazi za wanafunzi na kibanda cha mama wa chapati. Niliambiwa wanatafuta mtu wa kushona vitambaa vya ndani. Ndani ya nini, sikuuliza. Nilidhani ni viti. Mzee Kaloli aliponifunulia kifuniko nione kazi yenyewe, nilipiga ukelele ambao uliwatoa wanafunzi dukani na karatasi zao mkononi. Yeye hakucheka. Alinisogezea kiti, akasema, "Nnyabo, bibi, hii bado hakuna mutu ndani. Shona."

Mzee Kaloli alikuwa seremala, Muganda, Mkatoliki wa kuamka na misa, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Alinifundisha kukunja satini ili mishono isiangalie uso wa marehemu, kwa sababu mjane huinama karibu na huona kila kitu. Alinifundisha kwamba mto uwe chini kuliko unavyofikiri, la sivyo kidevu hugusa kifua na mtu anaonekana kama aliyekasirika. Jioni ya siku ile ya kwanza, mama yangu kule Bombo aliniuliza nimepata kazi gani. Nikasema nashona mito. Haukuwa uongo, lakini alipokuja kugundua ni mito ya nani, alinikataza kuingia jikoni kabla sijaoga, na amri hiyo haikutenguliwa mpaka alipoaga dunia.

Sasa tuje kwenye droo. Ile droo ndefu yenye misalaba mnaijua, mmeirithi. Mzee Kaloli aliigawa kwa vipande vya mbao. Upande wa kushoto misalaba yenye sanamu ya Yesu, hiyo ni ya Wakatoliki. Katikati misalaba mitupu, ya Waprotestanti na walokole. Kulia kabisa michache yenye kijiti kilichoinama chini, ya Waothodoksi, nayo ilikaa mpaka ikashika vumbi. "Kira mufu iko na droo yake," alisema. "Uliza dini kabla ya jina. Jina ukikosea, watakusamehe. Dini ukikosea, utazikwa hata wewe." Hapo ndipo nilipojijengea elimu yangu: Wakatoliki wamemwacha Yesu msalabani, Waprotestanti wamemshusha, na wote pamoja wanamwita Mungu. Nilijiona nimemaliza chuo.

Kanuni yake nyingine mnaifuata hadi leo, ingawa wengi wenu hamjui sababu. Msalaba haufungwi karakana. Hubebwa kando, umefungwa kitambaa, na hufungwa mwisho, watu wakishaaga na kifuniko kikisharudishwa. Skrubu mbili za shaba, juu na chini. Mzee Kaloli alinyoosha uzi kutoka kichwani hadi miguuni ili msalaba usipinde hata unywele, halafu akakaza, na ilipokaza akaongeza nusu mzunguko. Nilimuuliza mbona tusifunge mapema tupunguze kazi. Akajibu kwamba msalaba ukishafungwa, familia inajua hakuna kufungua tena. Ndiyo kwaheri yenyewe. Ukiufunga karakana, umewaagia wewe.

Mshtuko wangu wa kwanza ulikuwa Ggaba. Tulikwenda kumzika mama mmoja muuza samaki, mahali palipoinuka juu ya soko, harufu ya sangara ikipanda mpaka kaburini. Mashine ya kushushia jeneza ilikuwa ngeni kwetu, ile yenye mikanda, na mimi ndiye niliyepewa breki. Mchungaji wake aliomba kwa sauti nzuri, mwanzo hadi mwisho kwa jina la Yesu. Nikaachia breki. Jeneza lilikuwa nusu ya njia, shemeji wa marehemu akapaza sauti, "Simamisha! Simamisha hiyo kitu!"

Nilibana breki kwa mikono miwili. Jeneza likaning'inia, si juu si chini.

"Mchungaji, umesema Yesu, Yesu, Yesu," shemeji alisema. "Baba iko wapi? Roho Mutakatifu iko wapi? Wewe unazika dada yetu na jina moja tu?"

"Ssebo, bwana, jina ni moja," mchungaji akajibu bila kuona haya. "Baba ni Yesu. Roho ni Yesu. Hakuna watatu. Sisi hivyo ndivyo tunaamini, na huyu mama tulimubatiza hivyo."

"Kama Yesu ndiye Baba, pale mutoni alipobatizwa, sauti ya mbinguni ilitoka kwa nani?"

Sikuamini masikio yangu. Nilikuwa nimeishi kati ya Wakristo tangu utoto, nimekula Krismasi zao, na sikuwahi kusikia kwamba hata hilo hawajakubaliana. Nilidhani ugomvi wao ni wa pombe na sanamu. Kumbe walikuwa wakigombania Yesu mwenyewe ni nani, na aliyebaki na mzigo ni Mwislamu aliyeshika breki. Nilimtazama Mzee Kaloli. Akaja taratibu, akaweka mkono wake juu ya wangu. "Shusha polepole," akaninong'oneza. "Ubishi hapana iko na chini. Kabuli iko na chini." Tukashusha. Walipotupa macho chini, jeneza lilikuwa limeshafika, na aibu ikawafunga midomo. Lakini njia nzima ya kurudi Wandegeya nilikuwa nimeshika kichwa.

Mzee Kaloli alitangulia mbele ya haki kabla karakana haijawa kampuni. Kitambaa chake nilikishona mwenyewe, na bisibisi yake yenye mpini wa mbao ikabaki kwangu. Nyinyi mlikuja baadaye, mmekuta suti nyeusi, glavu nyeupe na gari lenye vioo. Vizuri. Lakini niwaambie, glavu huteleza kwenye mpini wa mbao. Zivueni mnapofunga.

Baada ya Ggaba nilijiona siwezi kushtuliwa tena na mambo ya dini. Nilichanganya maji na unga kabla ya kujua idadi ya wageni.

Familia ya Afande Onzima iliishi Bukoto, kwenye zile fleti za zamani karibu na soko. Marehemu alikuwa polisi mstaafu, Mlugbara, mtu wa kunyoosha mgongo hata kwenye picha. Alimwacha mkewe, Mama Candiru, na watoto wawili. Mkubwa ni Daudi, mtu mzima mwenye sauti ya baba yake, Mkatoliki wa kamati na michango. Mdogo ni Raheli, binti aliyerudi nyumbani kumuuguza mzee na hakuondoka tena. Daudi ndiye aliyekuja kuchagua jeneza. Nilimuuliza dini kabla ya jina, kama nilivyofunzwa. "Katoliki," akasema. Kisha akatoa mfukoni msalaba wao wenyewe, mweusi, wenye Yesu wa shaba, uliokuwa ukining'inia juu ya mlango wao tangu kwenye kambi ya polisi. "Hii ndiyo ifungwe. Imebarikiwa." Nikaufunga kitambaa, nikauweka kando.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Candiru, peke yake, na nguo za kumvisha mumewe. Rozari ilikuwa mkononi. Alikagua mto, akagusa satini, akakaa kwenye kile kiti ambacho Mzee Kaloli alinisogezea siku yangu ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile walichozungumza wake wa polisi kutoka kila pembe ya nchi.

"Hajati, ile msalaba Daudi alileta, umeshafunga?"

"Bado, Mama. Msalaba hufungwa mwisho."

Alivuta pumzi. "Onzima hapana taka msalaba. Aliniambia mimi mwenyewe. Alisema, Candiru, siku yangu ikifika, usiweke hiyo kitu juu yangu. Nikubalie. Na mimi nikakubali. Nilimupa neno yangu."

Nilidhani mzee alikuwa amekasirika na padri fulani. Hutokea. Nikauliza kwa upole kama alikuwa ameacha Ukristo.

"Kuacha? Biblia yake ilichakaa kuliko yangu." Akacheka kidogo, macho yakiwa yamejaa. "Alipostaafu alianza kusoma na watu fulani, wao na Raheli, wanakutana kule kule Bukoto. Akaniambia, Yesu ni Mwana wa Mungu, mimi ninamufuata mpaka kufa, lakini si Mungu. Mungu ni Baba peke yake. Na msalaba wao hawatumii. Anasema ni sanamu."

Vijana, niliacha sindano. Mkristo, anayemfuata Yesu mpaka kufa, na hamwiti Mungu? Nilipigwa na butwaa hasa. Nikajikuta nasema bila kufikiri, "Basi Mama, alikuwa karibu na sisi."

"Hiyo nilimwambia hata mimi! Nilisema, Onzima, sasa wewe ni Mwislamu wa nguruwe." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Akasema hapana. Akasema, hao Waislamu wamefanya Yesu kidogo, wewe Candiru umefanya yeye kubwa, mimi peke yangu ndiye nimepima sawasawa. Wanaume wa polisi! Hata Mungu wanataka kupima."

Tukacheka wote wawili. Akanieleza walivyoishi. Jioni yeye alipiga magoti chini ya ule msalaba mlangoni, akamwomba Yesu kama mtu anavyomwomba Mungu wake. Mzee alikaa mezani, amegeuza kiti, akisubiri amalize ndipo chai imiminwe. Mwanzoni walinuniana mpaka sahani zikaogopa. Baadaye wakachoka kununiana. Ila mzee hakuwahi tena kusema amina kwenye sala yake, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Sasa sikia shida yangu, Hajati," akasema. "Nikiweka msalaba, nimevunja neno. Nisipoweka, nani atasimama kwa ajili yake kule? Mimi naamini Yesu ni Mungu. Si mchezo, naamini. Onzima anakwenda mbele ya huyo huyo alimukatalia. Na mimi mke wake ndiye nimutume mikono mitupu?"

Nilichukua tena sindano. Nilimwambia ukweli wa kazi yetu: tunamsikiliza aliyeagiza jeneza, na aliyeagiza ni Daudi. Kama anataka vingine, azungumze na mwanawe. Alitikisa kichwa. Daudi alikuwa ameshaambiwa na Raheli, akasema baba alikuwa mgonjwa, Raheli alimteka akili, na kule nyumbani Arua padri na ukoo mzima wanasubiri. Wakiona jeneza halina msalaba, watasema Onzima amekufa mpagani na wanawe wamemtupa.

Alisimama, akaniachia nguo, akaniomba nimfunge tai vizuri. Alipofika mlangoni aligeuka. "Hiyo skrubu, inafunguka?" akauliza. Nikasema inafunguka, lakini si kwa urahisi.

Siku ya kusafirisha, uani kwao Bukoto palijaa. Tenti, viti vya plastiki, polisi wa zamani wenye mikongojo, wanawake wa soko, majirani Waganda na majirani wenye kanzu. Mwili ulikuwa uondoke asubuhi ile kwa safari ndefu ya kaskazini. Watu waliaga. Raheli aliinama, akamwekea baba yake tai sawa ingawa ilikuwa sawa. Kifuniko kikarudishwa. Daudi akanipa ishara kwa kichwa.

Nilitoa msalaba kwenye kitambaa. Nilinyoosha uzi kichwani hadi miguuni. Mikono yangu ilifanya kazi, moyo ulikuwa kwa Mama Candiru, aliyekaa mstari wa mbele na rozari yake, macho chini. Skrubu ya juu. Skrubu ya chini. Nusu mzunguko. Nikajisemea, basi, amechagua, na nani angemlaumu?

Ndipo Raheli aliposimama mbele ya jeneza. "Haitoki hapa na hiyo kitu juu."

"Raheli, kaa chini," Daudi akasema.

"Baba alisema hapana. Wewe ulisikia. Alisema sanamu hapana."

"Hii ni Yesu! Wewe unaita Yesu sanamu mbele ya watu?"

"Hiyo ni shaba. Yesu iko mbinguni, kando ya Baba yake. Na Baba yake ni mukubwa kuliko yeye. Kama yeye ndiye Mungu, alikuwa anaomba nani usiku kule bustanini? Alikuwa anajiomba mwenyewe?"

"Ni Mungu kweli na mutu kweli!" Daudi akapaza sauti. "Alikufa mutu. Kama si Mungu alikuwa pale juu, basi nani alituokoa? Mutu tu? Wewe unatuachia nini? Wewe si Mukristo, Raheli. Na unataka kuzika baba yetu kama wewe."

Sijapata kuona neno likimpiga mtu hivyo. Raheli alirudi nyuma, akashika ukingo wa jeneza. "Mimi ndiye nilikuwa namuogesha," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa namusomea." Mzee mmoja wa polisi akaanza kupiga kelele kwamba maiti haigombewi kama mfuko wa unga wa posho. Dereva wetu alinitazama. Mimi niliitazama breki ambayo haikuwepo.

Mama Candiru akasimama.

Wote walidhani anakwenda kumwondoa binti. Hata mimi. Mwanamke yule alijulikana Bukoto nzima kwa rozari yake. Alipita kati ya wanawe bila kuwagusa, akaivaa rozari shingoni ili mikono iwe mitupu, akanigeukia.

"Hajati, nipe ile kitu ya kufungua."

Nilisikia vizuri, lakini sikuitoa. Kanuni ilikuwa wazi: aliyeagiza ni Daudi. Na kanuni nyingine ilikuwa wazi zaidi: msalaba ukishafungwa hakuna kufungua. Sikuwa nimewahi kuona ukifunguliwa. Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono, na mkono wa mjane haurudishwi mtupu. Nikampa bisibisi ya Mzee Kaloli.

"Mama!" Daudi akasema. "Wewe? Wewe ndiye unatoa Yesu?"

Skrubu ilimkataa, maana nilikuwa nimeongeza ile nusu mzunguko, na nikailaani elimu yangu yote. Alikaza meno, akainamia bisibisi kwa uzito wake wote. Mimi nilichofanya ni kushika kifuniko kisicheze. Skrubu ya kwanza ikalia, ikatoka. Ya pili ikatoka. Aliinua msalaba kwa mikono miwili, akaibusu miguu ya yule Yesu wa shaba, akaukumbatia kifuani. Kisha ndipo akamgeukia mwanawe.

"Mimi sijatoa Yesu. Yesu wangu ni Mungu. Kesho pia ni Mungu, hata Raheli anune." Alizungumza polepole, kila mtu akasikia. "Lakini nilimupa Onzima neno. Na wewe Daudi, kama Yesu ni Mungu, atakosa kuona baba yako kwa sababu ya skrubu mbili?"

Daudi, lile jitu zima lenye sauti ya kamati, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kulia kama mtoto. Mama Candiru aliweka msalaba ndani ya mkoba wake. "Hii mutaniwekea mimi siku yangu," akasema, kama mtu anayeagiza chumvi. Akanirudishia bisibisi, akapiga magoti pale pale kando ya jeneza lisilo na msalaba, akaanza sala yake kwa sauti. Kwa Yesu, Mungu wake. Raheli hakuitikia amina. Lakini alisimama nyuma ya mama yake mpaka mwisho, amegeuza uso pembeni, akisubiri amalize.

Kwenye kifuniko yalibaki matundu mawili. Nilitoa nta niyazibe, maana ni aibu ya fundi, Mama akasema niache. Jeneza likaenda Arua na matundu yake. Sikujua kule walipokelewaje, wala sikuuliza. Jioni ile nilirudi Bombo nikakaa nje ya mlango bila kuoga, bila kula. Nilikuwa nimesikia watu wakibishana Yesu ni nani kwa maneno, lakini sikuwahi kuona mtu anayeamini kwa roho yote akifungua kwa mkono wake kile anachokiamini, kwa ajili ya aliyekataa kuamini naye. Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimeona mengi: wachungaji wawili kwenye maikrofoni moja, ndugu waliozika kwa zamu, asubuhi hawa na jioni wale. Nilijifunza kuuliza, "Yeye mwenyewe alikuwa anaaminije?" badala ya kuuliza dini tu, na nawasihi muulize hivyo hivyo, na mumuulize zaidi ya mtu mmoja. Droo ina sehemu tatu. Watu wana zaidi.

Wiki yangu ya mwisho nyinyi mlikuwa mkishughulika na keki. Mimi nilikuwa nyuma ya karakana nikikunja satini aliponijia mwanamke mwenye mvi za kwanza, na kitu kimefungwa kwenye leso. Sikumtambua mpaka alipokifungua. Ule msalaba mweusi, na Yesu wa shaba aliyeng'aa miguuni tu, pale alipokuwa anabusiwa kila siku.

"Ni mama?" nikauliza.

"Ni mama," Raheli akasema. "Jana. Daudi iko njiani anatoka Arua, alisema mimi ndiye nilete."

Kesho yake tulikuwa uani pale pale Bukoto. Watu waliaga, kifuniko kikarudishwa, na mimi nikatoa uzi wangu na bisibisi. Raheli alinishika mkono.

"Hajati, nitafunga mimi."

Nilimtazama kwa mshangao ambao nadhani aliuona. "Mwanangu, umebadilika? Siku hizi unaamini ni Mungu?"

"Hapana," akasema. "Siamini. Lakini mama aliamini." Akanyoosha mkono, kama mama yake alivyonyoosha. Daudi alikuwa kando yetu, kofia mkononi. Nikampa Raheli bisibisi.

Hakungoja uzi. Aliweka msalaba kwa jicho tu, akafunga skrubu ya juu, akafunga ya chini, polepole, machozi yakidondoka kwenye shaba naye akiyafuta kwa kidole gumba. Ilipokaza, nikaona mkono wake umesimama, kisha ukaongeza nusu mzunguko. Sijui nani alimfundisha. Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa upande.

"Iko sawa? Mama hakupenda kitu ipinde."

Ulikuwa umepinda kidogo kuelekea kushoto. Nikamwambia uko sawa, nikarudisha uzi mfukoni.